Jalada Lisilolala: Mwongozo Kamili wa Kufupisha Safari ya Kibali cha Mazingira

Mwenye kituo cha mafuta anayesubiri cheti cha mazingira hajui kama taarifa yake inasomwa au imelala. Anachojua ni kwamba benki inahesabu riba na fundi ameshachukua malipo ya awali. Upande wa pili wa dirisha, afisa wa kuipitia taarifa hiyo naye amezidiwa: majalada yamejaa mezani, simu inaita, na bosi anataka kujua mradi wa mtu fulani umefikia wapi. Wote wawili wataapa kwamba tatizo ni uchache wa watumishi. Mara nyingi sivyo. Ukilifuata jalada moja kutoka masjala hadi saini ya mwisho, utakuta kazi yenyewe imekula siku chache tu. Siku nyingine zote jalada lilikuwa limelala.

Mwongozo huu ni wa watu walio ndani ya ofisi: mkuu wa kitengo, afisa mazingira, mtu wa masjala, mtu wa TEHAMA. Mifano naichukua Tanzania Bara, kwenye cheti cha Tathmini ya Athari kwa Mazingira (TAM) kinachopitia NEMC (Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira), kwa kuwa ndio utaratibu ninaoufahamu zaidi. Msomaji aliyeko kwenye mamlaka ya mazingira kwingine, yaani ZEMA Zanzibar, au NEMA ya Kenya au ya Uganda, atabadilisha vifungu na majina ya kamati, lakini jalada hulala kwa namna zilezile.

Tenganisha amri ya sheria na mazoea ya ofisi

Kabla hujachora mchoro wowote, keti na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, Kanuni za TAM za 2005 na marekebisho yake ya 2018. Chukua karatasi uigawe mara mbili. Kushoto andika kila hatua iliyoamriwa na sheria au kanuni, pamoja na namba ya kifungu. Kulia andika kila kinachofanyika ofisini kwenu bila kifungu chochote.

Kushoto kutakuwa na mambo mazito. Kuna kifungu cha 81, kinachotaka tathmini ifanyike kabla mradi haujaanza au kupewa fedha. Kuna usajili na mchujo wa mradi, hadidu za rejea (orodha ya mambo ambayo tathmini itayachunguza), ushirikishwaji wa wananchi, mapitio ya kamati ya wataalamu, na uamuzi ambao Sheria ya 2004 iliuweka kwa Waziri mwenye dhamana ya mazingira baada ya ushauri wa Baraza. Hayo huna mamlaka ya kuyagusa, na hata ungekuwa nayo nisingekushauri.

Kulia ndiko kwenye shamba lako la kulima. Utakuta nakala nne za karatasi zinadaiwa kwa mtu aliyekwisha kutuma kwenye mfumo. Utakuta barua ya kawaida ya kusindikiza inasubiri saini ya mkurugenzi wakati mkuu wa kitengo angeweza kuisaini. Utakuta dokezo linalopanda ngazi tatu na kushuka zilezile tatu ili limfikie mtu aliye chumba cha pili. Ukiuliza sababu, utajibiwa kwamba "ndivyo tulivyokuta."

Siku hiyo usikate chochote. Baadhi ya mazoea yalizaliwa na hoja ya mkaguzi wa hesabu au kesi iliyowahi kuishinda ofisi, na anayekumbuka ni mtumishi mmoja tu wa masjala anayekaribia kustaafu. Mwite, mpe chai, msomee orodha ya kulia mstari kwa mstari. Saa moja naye itakuokoa na aibu ya kurudisha hatua uliyoifuta kwa mbwembwe.

Lifuate jalada kwa miguu

Chagua majalada kumi yaliyokwisha kufungwa: matano yaliyokwenda vizuri na matano yaliyoleta malalamiko. Fungua folio (karatasi yenye namba ndani ya jalada) moja baada ya nyingine, na kwa kila meza andika tarehe tatu: lilipofika, lilipoanza kushughulikiwa na lilipoondoka. Tarehe hizo zipo tayari kwenye madokezo na mihuri, hazihitaji mshauri wa kulipwa. Muda kati ya tarehe ya kwanza na ya pili ndio usingizi. Muda kati ya pili na ya tatu ndio kazi.

Kisha chukua jalada moja lililo hai, utembee nalo. Namaanisha kutembea kwa miguu, korido kwa korido. Katika ofisi moja niliyowahi kusaidia, jalada tulilolitafuta asubuhi nzima tulilikuta limewekwa chini ya kioo cha kompyuta ili kukiinua kifikie macho ya afisa. Hakuwa mvivu. Alikuwa amemaliza sehemu yake, ila hakuna aliyewahi kumwambia likitoka kwake linakwenda kwa nani. Hakuna mchoro wa mtiririko wa kazi ungenionyesha hilo.

Ukishapata tarehe, fanya hesabu moja ambayo wakuu wengi wa vitengo hawajawahi kuifanya. Hesabu majalada yote yaliyo ndani, gawa kwa idadi mnayomaliza kwa wiki. Tuseme yako 180 na kila wiki mnakamilisha 12: mwombaji anayeingia leo atasubiri takribani wiki 15, hata kama bango ukutani limeahidi vinginevyo. Kanuni hii ilithibitishwa na Mmarekani John Little mwaka 1961 na inafanya kazi kwenye foleni yoyote, ya benki au ya daladala, mradi yanayoingia na yanayotoka yakaribiane. Faida yake ni kukuonyesha kwamba njia ni mbili tu: kuongeza yanayotoka, au kupunguza yaliyo ndani. Kumsisitizia afisa "aongeze kasi" hakumo.

Usiridhike na wastani pia. Majalada mawili ya migodi yaliyokaa mwaka mzima yataharibu wastani wa minara ya simu hamsini. Tafuta siku ambazo nusu ya maombi yalikamilika ndani yake, kisha siku ambazo tisa kati ya kila kumi yalikamilika. Namba hiyo ya pili ndiyo unayoweza kuiandika kwenye mkataba wa huduma kwa mteja bila kusema uongo.

Mlango wa mbele

Kama una nguvu ya kurekebisha jambo moja tu mwaka huu, rekebisha mapokezi. Ombi lenye upungufu likipokelewa, linapewa namba, linafunguliwa jalada, linapangiwa afisa, linasomwa hadi ukurasa wa arobaini, ndipo inagundulika kwamba hati ya kiwanja ina jina la marehemu baba wa mwombaji. Barua inaandikwa. Mwombaji anajibu baada ya wiki tatu. Afisa amekwisha kusahau alichosoma, anaanza upya. Jalada hilo limekula kazi mara mbili na bado halijasogea.

Weka basi mtu mmoja mlangoni, mwenye uzoefu wa kutosha na mamlaka ya kukataa. Kosa la kawaida ni kumweka pale mtumishi mgeni kuliko wote kwa hoja kwamba kazi ni ya kuhesabu karatasi. Anachofanya ni kukagua ukamilifu, hapimi ubora wa sayansi, na anatakiwa ajibu ndani ya siku mbili za kazi. Kwa kituo cha mafuta, kwa mfano, atatazama haya: usajili wa kampuni BRELA na namba ya mlipakodi; hati ya umiliki au mkataba wa pango unaotaja kiwanja hichohicho; matumizi ya ardhi yanayoruhusu kituo; ramani yenye majiranukta (namba zinazoonyesha mahali) yanayoangukia kwenye kiwanja, si katikati ya barabara (hutokea, na si mara moja); michoro inayoonyesha matangi ya ardhini na kitenganishi cha mafuta na maji; jina la mtaalamu wa mazingira ambaye usajili wake haujaisha muda; na uthibitisho kwamba majirani na serikali ya mtaa walizungumzwa nao, wakiwa na majina na saini, si picha ya watu wamekaa chini ya mwembe.

Orodha hiyo itundikwe nje, ile ile anayoitumia afisa ndani, neno kwa neno. Ofisi nyingi zina orodha mbili, ya wazi na ya kichwani mwa afisa. Hiyo ya kichwani ndiyo inayozalisha safari za "rudi kesho", na mara nyingine bahasha.

Ikitokea upungufu, uandikwe wote mara moja katika waraka mmoja. Leo ukidai ramani, kesho usidai muhtasari wa kikao cha kijiji ambao uliuona haupo tangu jana. Na kila ombi linaporudishwa kwa mwombaji, simamisha saa ya ofisi na uwashe ya mwombaji. Tunza hesabu zote mbili. Bila hivyo mtabishana milele kuhusu nani anachelewesha, na waziri atakapoulizwa bungeni hamtakuwa na jibu. Jihadhari tu na ujanja wa kurudisha ombi kwa kasoro ya koma ili saa isimame. Ukiona marejesho yanaongezeka siku za mwisho wa robo mwaka, umeshampata mchezaji.

Mara moja kwa mwezi waite wataalamu elekezi wanaoandaa taarifa hizo. Si wengi, na makosa yao yanajirudia. Waonyeshe kasoro tano zilizoongoza mwezi uliopita bila kumtaja mtu.

Mzigo mwepesi usipite njia ya lori

Marekebisho ya 2018 yaliweka miradi katika makundi: A kwa ile inayolazimika kufanyiwa tathmini kamili, B1 kwa iliyo katikati ya kulazimika na kutolazimika, B2 kwa isiyolazimika, na kundi maalumu. Maana yake ni kwamba mnara wa simu usisafiri njia ya mgodi. Lakini upangaji wa kundi ukifanywa kwa kubahatisha, faida inapotea. Afisa mwoga hupandisha kila kitu kundi la juu ili asilaumiwe. Mwenye mradi mjanja hukata hoteli ya vyumba mia vipande vitatu ili kila kipande kionekane kidogo.

Dawa ni kuupanga mradi kwa ramani na maswali yasiyo na utata. Pandisha majiranukta kwenye ramani yenye hifadhi, misitu, ardhioevu, vyanzo vya maji na makazi. Sheria ya 2004 inalinda ukanda wa mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Swali la kama mradi umo ndani ya ukanda huo halihitaji kikao, linahitaji dakika mbili na kompyuta. Uliza pia kama mwombaji, au kampuni yenye anwani ileile, ana kiwanja kinachopakana. Swali hilo moja linakamata vile vipande vitatu vya hoteli.

Kwa aina za miradi zinazojirudia andaa hadidu za rejea za mfano. Kituo cha mafuta kiwe na zake: uvujaji wa matangi, maji ya mvua yenye mafuta, umbali na visima vya jirani, moto, msongamano wa magari. Mtaalamu aongeze yale tu yanayotokana na mahali penyewe. Kituo cha Bunju na cha Makambako hutofautiana kwa udongo, maji na majirani, tangi halitofautiani. Afisa anayepitia ataelekeza macho kwenye hiyo tofauti badala ya kusoma kwa mara ya mia jinsi petroli inavyowaka.

Mezani kwa wataalamu

Hapa jalada hulala kwa sababu ya mfuatano. Linakwenda kwa mtaalamu wa maji, likirudi linapelekwa kwa wa afya, likirudi kwa wa mipango miji. Peleka kwa wote siku moja, na tarehe moja ya kurejesha maoni. Bodi ya maji ya bonde, halmashauri, OSHA (usalama na afya kazini), Zimamoto, EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) ikiwa ni mafuta: kila mmoja apate maswali mahususi mawili au matatu yanayomhusu. Ukimtumia mtu kurasa mia tatu na barua inayosema "kwa maoni yako", umemwambia aiweke pembeni.

Je, asipojibu? Maoni ya taasisi shiriki yakichelewa, kamati iendelee na kuandika kwenye kumbukumbu kwamba aliombwa tarehe fulani na hakujibu. Lakini usikubali kabisa kanuni ya kwamba kibali chenyewe kitolewe kwa kimya. Nimewahi kusikia ikipendekezwa kama mageuzi ya kibiashara. Tangi likivuja kwenye kisima cha shule, hakuna atakayekubali jibu kwamba siku thelathini zilikuwa zimepita.

Kamati ikae siku maalumu, tuseme Alhamisi ya pili ya kila mwezi, ratiba ya mwaka mzima ikijulikana. Kikao kinachosubiri "majalada yatoshe" ndicho huzaa wiki za usingizi. Ziara ya eneo la mradi ipangwe kwa ukanda: afisa anayekwenda Mkuranga apite miradi yote mitatu ya njia hiyo, na pale penye ofisi ya kanda, kanda iende, si makao makuu.

Maoni yote yatoke kwa mwombaji katika waraka mmoja uliounganishwa, kila hoja na namba yake. Migongano kati ya wajumbe imalizwe ndani. Ni fedheha mwombaji kuambiwa na barua moja asogeze tangi kaskazini na nyingine alisogeze kusini. Taarifa ikirudi imerekebishwa, mapitio ya pili yaangalie namba hizo tu. Hoja mpya iruhusiwe kama kuna taarifa mpya au hatari iliyopitwa, na aliyeileta aandike sababu.

Masharti ya cheti nayo yanataka mkono. "Mwenye mradi atatunza mazingira" si sharti, ni dua. Andika kinachopimika: kisima cha uangalizi upande gani, sampuli kila baada ya miezi mingapi, matokeo yatumwe wapi. Mkaguzi atakayekwenda baada ya miaka miwili atakushukuru.

Pasipokatwa

Presha ya kufupisha muda ikizidi, kichwa cha kwanza kukatwa huwa cha mwananchi, kwa kuwa hana ofisi ya kulalamika. Kanuni zinataka muhtasari usio wa kitaalamu kwa Kiswahili na Kiingereza. Utazame wa Kiswahili kabla hujaupokea. Ukikuta umeandikwa kwa lugha ambayo mwenyekiti wa kitongoji hawezi kuisoma kwa sauti mbele ya mkutano akaeleweka, urudishe kama ungerudisha ramani mbovu.

Muda unaweza kuokolewa hapa bila kumpunja mtu. Tangazo libandikwe ofisi ya kijiji siku ileile ombi linapokubaliwa mlangoni, badala ya kusubiri mapitio yaanze. Mkutano upangwe kwa kuangalia kalenda ya watu: msimu wa kupalilia, siku ya gulio, Ijumaa mchana. Mkutano ulioitishwa siku ya mnada utahudhuriwa na wazee watano, malalamiko yatakuja baadaye, na utarudia safari.

Malipo, kisha mfumo

Malipo ni rahisi: ankara yenye namba ya malipo ya serikali itoke papo hapo ukamilifu unapothibitishwa, mwombaji alipe kwa simu au benki, stakabadhi ijisomee yenyewe kwenye jalada. Kama bado kuna mtu anayebeba karatasi ya benki kuja kuionyesha dirishani, anza na hilo kesho.

Mfumo wa kompyuta nimeuweka mwisho kwa makusudi. Ofisi inayonunua mfumo kabla ya kusafisha safari ya jalada huhamishia ngazi zake zote tatu kwenye skrini, na sasa kuzifuta kunahitaji mkataba na mkandarasi. Safisha kwa karatasi kwanza, hata miezi mitatu. Ndipo ukae na Mamlaka ya Serikali Mtandao, kwa mujibu wa Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019, kuangalia ni taarifa zipi zinaweza kuvutwa kutoka NIDA (vitambulisho vya taifa), BRELA na TRA (kodi) badala ya kumwomba mwananchi nakala ya kile ambacho serikali tayari inacho. Anza na aina moja ya mradi katika kanda moja.

Dai mambo mawili kwa mtengenezaji. La kwanza, mwombaji aone jalada lake liko meza gani na tangu lini. Neno "linashughulikiwa" lisionekane popote. La pili, majalada yagawiwe maafisa kwa zamu na mfumo wenyewe, na anayeruka foleni aonekane amerushwa na nani, kwa sababu gani. Miradi ya dharura ipo na wakubwa watapiga simu. Simu hizo zikiandikwa, zinapungua. Taarifa binafsi za waombaji na za wananchi waliotoa maoni zilindwe kama Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inavyotaka. Aliyepinga mradi wa tajiri wa kijijini kwake ana sababu nzuri ya kutotaka namba yake ya simu ionekane.

Mrundikano wa zamani

Utaratibu mpya ukianza, yale majalada 180 ya mfano wetu bado yapo. Usiyachanganye na mapya, yatauzamisha utaratibu wote ndani ya mwezi. Tenga maafisa wawili na wiki nne. Wiki ya kwanza wapige simu kwa kila mwombaji. Utashangaa wangapi wameuza kiwanja, wamebadili mradi, au wamejenga tayari bila kusubiri. Walioacha, barua ya kufunga jalada. Waliojenga, wahamishiwe kwa watu wa ukaguzi na utekelezaji wa sheria, kwa kuwa hilo si ombi tena. Waliobaki, wapewe orodha moja ya upungufu na tarehe moja.

Tundika ubao masjala wenye namba tatu: yaliyoingia wiki hii, yaliyotoka, na umri wa jalada kongwe kuliko yote. Kila Jumatatu saa mbili na nusu, dakika ishirini, watu wasimame mbele yake. Anzeni na hilo kongwe: liko kwa nani, linasubiri nini, na nani atalisogeza kabla ya saa sita mchana.